Udi na mwimbaji wasipopatana: dalili, chanzo na marekebisho

Udi ni ala ya nyuzi ya pwani. Ukiupandisha Dodoma unakutana na mambo mawili ambayo Unguja hayakusumbui sana: hewa kavu inayolegeza vigingi, na waimbaji ambao masikio yao yamelelewa na kwaya za solfa (do, re, mi) pamoja na nyimbo za Kigogo. Matatizo mengi yanayolalamikiwa kwenye mazoezi na kwenye harusi huanzia hapo. Mengine huanzia kwa mpigaji aliyechagua kii (noti inayofanywa do ya wimbo) inayowafaa vidole vyake, kisha akamwacha mwimbaji ahangaike nayo.

Maelezo haya ni ya udi wa nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene, wenye urefu wa sentimita 61 kutoka kidaraja cha shingoni hadi daraja la chini. Tuni yake, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni C F A D G C. Kama wako ni mfupi au umetuniwa vingine, vipimo vya milimita vitabadilika kidogo, lakini utaratibu haubadiliki.

Kwanza pima sauti, dakika tano tu

Usianze kwa kuuliza "unaimba kii gani?" Wengi watakutajia kii ya rekodi waliyoisikia. Muulize anaimba sauti ya ngapi kwaya: ya kwanza ni soprano, ya pili alto, ya tatu tena, ya nne besi. Jibu lake lichukue kama dokezo. Kuna wanawake wengi wenye sauti ya alto waliowekwa soprano kwa sababu siku ile walihitajika watu wa sauti ya kwanza.

Kisha piga uzi wa D ukiwa wazi, yaani bila kuukandamiza, naye aimbe "aa" kwa sauti ya kawaida. Shukeni noti moja moja hadi sauti ianze kugeuka hewa tupu. Andika noti hiyo. Rudini D mpande, na safari hii mtazame kidevu. Kinapoanza kuinuka, au mabega yanapopanda, andika noti hiyo pia. Sasa punguza toni moja kila upande. Kinachobaki ndicho kiwanja chake cha kazi. Noti za pembeni ulizokata anaweza kuzifikia mara moja jukwaani, ila hawezi kukaa nazo beti sita.

DALILI: Anakaza shingo na kupiga kelele kwenye kiitikio

Chanzo kinachoongoza ni kii kuwa juu. Kinachofuata ni wimbo kuwa mpana kuliko sauti yake. Cha tatu, ambacho husahaulika, ni udi wenyewe kutuniwa juu: umetuni kwa kufuata kinanda ambacho mtu alibonyeza kitufe cha kupandisha kii akasahau kukirudisha. Mwisho kabisa ndiyo fikiria koo lililochoka.

Hakiki hivi. Usimwimbishe wimbo mzima. Chukua mstari mmoja tu, ule wenye noti ya juu kuliko zote, aimbe mara mbili bila udi, kuanzia popote anapotaka. Watu wengi wakiachwa huru hujipangia kii inayowafaa. Tafuta kwenye udi alipoangukia. Ikiwa ni toni moja na nusu chini ya kii yako, umeshapata jibu.

Marekebisho. Tuchukue wimbo wa kawaida unaotoka so ya chini hadi la ya juu. Nyimbo nyingi za kiitikio zinaingia humo. Kwenye udi kuna sehemu mbili zinazotosheleza karibu kila mtu:

Do = D inawafaa besi na alto. Besi anashuka hadi A, anapanda hadi B iliyo chini kidogo ya C ya kati ya kinanda. Alto anaimba noti zile zile oktava moja juu yake. Vidole vyako havibadiliki hata kimoja.

Do = G inawafaa waimbaji wa tena na soprano. Tena anatoka D hadi E ya juu, soprano oktava moja juu yake. Hapa pia so ya chini ni uzi wa D ulio wazi na do ni uzi wa G ulio wazi, kwa hiyo mkono unabaki kwenye nafasi ya kwanza ya shingo.

Soprano mwepesi au tena anayeona G inamkaba, mpe Do = F. Utapata F na C zikiwa wazi. Anayehitaji E ndiye mgumu, maana hakuna uzi wa wazi unaomsaidia. Kwa huyo shusha nyuzi zote nusu toni, kisha piga kama vile ni F. Fanya hivyo nusu saa kabla na utuni mara tatu, maana nyuzi zilizolegezwa huendelea kutafuta mahali pa kutulia.

Ikiwa wimbo ni mpana kuliko sauti, usiuburute wote chini hadi beti zipotee. Badilisha mstari mmoja wa juu: mwimbaji abaki kwenye so au mi, na udi wako ndio upande hadi noti ya juu. Msikilizaji ataisikia pale pale alipoizoea.

ONYO: Kushusha nyuzi hakuna hatari, kupandisha kunayo. Kupandisha nusu toni huongeza mvuto wa kila uzi kwa asilimia 12 hivi, na toni nzima kwa asilimia 26. Daraja la udi limegundishwa tu juu ya ubao mwembamba, halina msumari. Ukiona mwanga wa karatasi unapita nyuma ya daraja, au ubao umevimba nyuma yake na kuzama mbele yake, legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo na upeleke kwa fundi wa ala za nyuzi. Gundi ya dukani ya kukauka haraka usiiguse. Fundi atakayekuja baadaye atalazimika kukwangua mbao ili kuiondoa.

DALILI: Kiitikio kinang'aa, beti hazisikiki

Hili ni kinyume cha la kwanza, na kwa kawaida hutokana na marekebisho ya la kwanza kupita kiasi. Pandisha kii nusu toni, usizidi, usikilize tena. Ikiwa ni besi na bado hasikiki, kii haina kosa: nyuzi zako nene ndizo zinazokaa juu ya sauti yake. Soma sehemu ya udi kumfunika mwimbaji.

DALILI: Yuko kwenye kii, lakini noti moja au mbili zinagongana na udi kila mara

Hapa ndipo mpiga udi wa Dodoma anapaswa kukaa muda mrefu, na ndipo waimbaji wengi huonewa. Mpigaji anasikia mi "imeshuka", anamwambia mwimbaji ainue, mwimbaji anainua na wimbo unapoteza ladha.

Chanzo cha kwanza ni cha kawaida tu, kidole chako hakiko mahali pake. Udi hauna vipande vya chuma shingoni kama gitaa, kwa hiyo kosa la milimita 3 linasikika. Hakiki kwa kupiga noti hiyo hiyo kwenye uzi wa wazi wa oktava nyingine, kama upo. Zikilingana, kidole kiko salama, nenda chanzo cha pili.

Chanzo cha pili ni masikio ya Kigogo. Uimbaji wa Wagogo wa sauti nyingi, pamoja na ilimba (ala ya vibao vya chuma inayodonwa kwa vidole gumba) inayoupigia, umejengwa juu ya noti za asili za uzi mmoja: do, mi, so, ti iliyoshuka, do, re. Mi ya namna hiyo iko chini ya mi ya kinanda kwa senti 14, na ti iliyoshuka iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 31, ambapo nusu toni moja ni senti 100. Mtu aliyekua akisikia hayo Chamwino au Bahi hajakosea. Anaimba sawasawa na uzi unavyolia wenyewe.

Unaweza kulithibitisha kwa mkono wako. Chukua uzi wa D. Gusa kwa wepesi, bila kukandamiza, sentimita 12.2 kutoka kidaraja cha shingoni, kisha dona na uinue kidole mara moja. Kitatoka kifilimbi chembamba, na hicho ni mi ya asili. Sogea hadi sentimita 8.7 ufanye vile vile: hiyo ni ti iliyoshuka ya asili. Mwimbishe mwimbaji wako akiwa amekupa mgongo. Ikiwa noti zake zinakaa juu ya vifilimbi hivyo kama kifuniko na chungu chake, tatizo lilikuwa kwako.

Marekebisho ni madogo mno. Do ikiwa ni uzi wa wazi, rudisha kidole cha mi nyuma kuelekea vigingi kwa milimita 4 hivi, na cha ti iliyoshuka kwa milimita 6. So na re ziache zilipo, tofauti yake ni ndogo hata haishikiki. Hii ndiyo faida ya udi kuliko kinanda, na ni hasara kubwa mpigaji asipoitumia.

Kukiwa na kinanda kwenye kundi, kinanda hakirudi nyuma. Basi wewe acha kabisa kupiga mi chini ya mwimbaji. Piga do na so tu. Nafasi ya mi abaki nayo mwenyewe, na mwombe mpiga kinanda naye aitoe mi kwenye mkono wa kushoto.

Chanzo cha tatu ni kinyume cha hicho. Wimbo ni wa taarabu wenye maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) ya rasti au bayati, na mwimbaji amelelewa na solfa tu. Noti ya robo toni anaivuta hadi iwe mi kamili au mi iliyoshushwa, kwa sababu solfa haina jina la katikati yake. Usimpe somo la maqamu saa mbili kabla ya shughuli. Mazoezini mpigie noti hiyo peke yake, ndefu, aimbe "mm" juu yake kwa dakika mbili, kisha uzi wa do ulie chini yake. Kwenye uzi wa wazi mahali pake ni milimita 14 hivi nyuma ya mi ya kinanda. Akishindwa baada ya mazoezi matatu manne, hamisha wimbo kwenye nahawandi au ajamu, ambazo noti zake anazijua tayari kutoka kwaya, au chagueni wimbo mwingine.

DALILI: Mlianza pamoja, beti ya tatu mmeachana

Kabla ya kumlaumu, piga uzi wa wazi karibu na simu yenye programu ya kutuni. Katika hali ya hewa ya Dodoma, mara nyingi udi ndio ulioshuka.

Cha kwanza ni kigingi kinachoteleza. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, mbao hupoteza unyevu, kigingi husinyaa, na tundu lake hubadilika umbo. Udi uliotoka Dar es Salaam asubuhi na kushuka na treni saa chache baadaye huwa bado unahesabu hewa ya pwani. Uache ndani ya mkoba wake uliofungwa saa mbili, kisha ndipo uutuni. Kigingi kinachoteleza: legeza uzi wake, kichomoe, pakaa chaki ya ubaoni pale panapong'aa, rudisha ukisukuma kwa ndani unapozungusha. Kinachokwama badala ya kuteleza: paka sabuni kavu ya mche kidogo. Fanya kigingi kimoja kimoja. Ukilegeza vyote kwa pamoja ubao wa mbele unapata mshtuko bure.

Cha pili ni nyuzi mpya. Nailoni huendelea kunyooka siku mbili au tatu. Nyuzi zibadilishwe siku nne kabla ya shughuli, kamwe si siku yenyewe. Cha tatu ni uzi kung'ang'ania kwenye mfereji wa kidaraja cha shingoni: unasikia "tik" unapokaza, na tuni inaruka. Paka unga wa penseli ndani ya mfereji.

Ikiwa udi umethibitika uko sawa na mwimbaji ndiye anayeshuka, sababu kuu ni pumzi kuisha mwishoni mwa mstari. Ya pili ni kutosikia do yake. Mpe uzi wa do, wazi, mwanzoni mwa kila mshororo, hata kama unaona ni kurudia kitu kimoja. Mwimbaji anashika do kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Kuzuia: weka ndani ya mkoba kisahani cha sabuni chenye matundu, kikiwa na sponji iliyolowa na kukamuliwa hadi isidondoke. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kipimo kidogo cha unyevu kinatosha kukuonyesha. Usiache udi kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, wala chumba cha bati kisicho na dari.

ONYO: Ufa kwenye ubao wa mbele unaoingia ukucha, au mlio wa kukwaruza unaobaki hata baada ya kubadilisha uzi, ni kazi ya fundi. Huenda ubao wa ndani unaoshikilia ubao wa mbele umeachia, na huwezi kuufikia kupitia tundu bila kuvunja pambo la tundu.

DALILI: Udi unamfunika mwimbaji

Si lazima iwe sauti kubwa. Mara nyingi ni kukaa naye kwenye noti zile zile. Nyuzi za udi zinalia katika eneo la sauti ya kiume. Mpigie mwimbaji wa tena wimbo wake kwa noti zake, oktava yake, na maneno yatamezwa hata ukipiga polepole.

Kwa tena, shuka oktava moja au piga mapigo tu. Kwa besi, hamia jozi za G na C ya juu, na ile C nene uitumie mwanzo wa mzunguko pekee. Kwa alto na soprano unao uhuru: piga wimbo oktava moja chini yao, utawabeba bila kuwagusa.

Halafu angalia mkono wa risha (kidude cha kudonea nyuzi). Kutetemesha risha chini ya maneno ndiyo kosa kubwa kuliko yote hapa. Herufi kama k, t, s na ch hupotea ndani ya mtetemo. Acha kutetemesha hadi mwimbaji afunge mdomo. Badala ya kudona karibu na daraja, ambako mlio ni mkali, sogea kuelekea tundu kubwa. Bado ni kali? Chukua risha laini zaidi, ya unene wa nusu milimita hivi.

DALILI: Anakosa pumzi, au anaingia kabla ya zamu

Hesabu mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, na kina cha kati ndicho mlango wa pumzi. Mpigaji akijaza pale madoido, mwimbaji hana pa kuvutia hewa. Anaunganisha vipande viwili na wa pili unakufa njiani. Acha mapigo mawili matupu baada ya mizani ya nane. Jibu lako la udi liwe mwisho wa mshororo, kwenye mizani ya 16, na liwe fupi.

Kama mlango upo na bado hafiki, mwendo ni wa polepole mno. Ongeza mapigo manne hadi sita kwa dakika, si zaidi, ili wimbo usibadilike tabia.

Kuingia kabla ya zamu hutokana na taksimu (utangulizi wa udi peke yake) isiyo na mwisho unaotambulika. Malizia kwa namna moja kila siku: teremka hadi do, pumzika, kisha piga so na do mara mbili kwa mapigo ya wimbo. Mtazame. Jukwaani, akiingia vibaya hata hivyo, wewe ndiye wa kumfuata. Ruka hadi alipo. Mkirudi nyuma ya pazia mwambie kwa heshima yake: "Dada, nilichelewa kukufungulia. Beti ya pili nitakuitikia kwa so mbili, ukizisikia ingia."

DALILI: Spika inapiga mluzi udi unapoguswa

Tumbo la udi linashika sauti ya spika na kuirudisha. Sogea usiwe mbele ya spika, punguza besi ya udi kwenye miksa, funika tundu kubwa kwa kitambaa kutoka nje. Mwimbaji akisema kipaza sauti kinampiga shoti mdomoni, zima umeme wote kwenye swichi kuu na muite fundi umeme. Msiendelee hata wimbo mmoja.

DALILI: Sauti imekwaruza au imekatika

Hewa kavu na vumbi hukausha koo. Maji ya kawaida, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Kumeza chupa nzima dakika tano kabla hakusaidii. Shusha kii toni moja na upunguze beti. Asinong'one kuokoa sauti, anyamaze, maana kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo.

Mvulana wa miaka 12 hadi 15 ambaye sauti yake inaruka haumwi. Sauti inabeba umbo jipya. Mpime upya kila mwezi, mpe noti tano au sita za katikati tu, na usimlazimishe kurudi juu alipokuwa mwaka jana.

ONYO: Mazoezi yasimame na mwimbaji aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya rufaa, ikiwa ukwaruzi umepita wiki tatu, ikiwa kuna maumivu anapomeza au anapoimba, au ikiwa sauti imekatika ghafla katikati ya noti ya nguvu. Damu kwenye makohozi au shida ya kupumua ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Tangawizi na asali vinaburudisha, ila visitumike kumfikisha jukwaani mtu mwenye dalili hizo. Piga ala tupu: bashrafu (kipande kisicho na maneno) moja, taksimu mbili, na mwenye shughuli aelezwe mapema kwamba usiku huo hakutakuwa na kuimba.